Turbo inarusha oili: kopo la kunasa oili linasaidia lini, na lini linaficha ugonjwa

Malalamiko ya wenye magari ya turbo hapa Mtwara na Lindi yanafanana. Hilux au Prado ya dizeli imevuliwa mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), ndani kumekutwa oili. Forester ya turbo inatoa moshi wa bluu ikishuka mlima. Golf inamisi asubuhi mpaka ipate moto. Ushauri unaofuata mara nyingi ni mmoja: nunua kopo la kunasa oili, yaani kechi-keni. Kopo hilo lina kazi yake, na kwenye baadhi ya injini faida yake ni ya kweli. Ila linanasa kinachotoka tu. Haliwezi kuziba ringi zilizokwisha, kuponya sili ya turbo, wala kusafisha valvu zilizokwisha kushika masizi. Kwa hiyo anza na dalili. Kopo lije baadaye.

Kwanza elewa oili inapita wapi. Kila injini inapumua, hata mpya. Mwako unaposukuma pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kushuka chini kwenye krenki. Gesi hiyo ina mvuke wa maji, mafuta ambayo hayakuungua, masizi na ukungu wa oili. Isipopewa njia, itasukuma sili mpaka zivuje. Njia yake ni mpira wa kupumulia, yaani briza, unaotoka juu ya kifuniko cha valvu na kuingia kwenye bomba lililo kati ya chujio la hewa na turbo. Turbo inaivuta, inapita intakula, inarudi kuungua. Injini za petroli zina njia ya pili: valvu ya PCV inayopeleka pumzi hiyo kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) injini ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta, au inatembea taratibu, na kujifunga turbo ikianza kujaza presha.

Kopo linafungwa katikati ya njia hiyo, na faida yake inategemea aina ya injini. Petroli za turbo zinazopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda ndizo zinazofaidika zaidi, kwa sababu petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na hakuna kinachoziosha. Zinazofuata ni dizeli za turbo zenye EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) kama 1KD na 2KD za Toyota: masizi ya EGR yakikutana na ukungu wa oili hugeuka kitu kama lami ndani ya manifoldi, na ukipunguza oili lami nayo inapungua. Subaru nyingi za turbo zenye injini ya EJ20 hupulizia petroli juu ya valvu, hivyo valvu hujiosha zenyewe. Hapo kopo lina maana kama gari linaendeshwa kwa nguvu sana, maana ukungu wa oili ukichanganyika na petroli huifanya injini iwe nyepesi kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe vibaya ndani ya silinda. Dizeli ya zamani isiyo na EGR inapata intakula safi, basi.

Dalili: oili ndani ya mpira wa intakula

Pitisha kidole. Kikitoka na utando mwembamba mweusi, hiyo ni hali ya kawaida na hakuna cha kutengeneza. Tatizo ni oili inayodondoka ukiinamisha mpira, au dimbwi chini ya intakula.

Sababu inayoongoza ni oili iliyojazwa kupita kiasi. Injini za 1KD na 2KD hubeba takriban lita 7 pamoja na chujio, na gereji nyingi humimina galoni mbili za lita 4 zikaisha zote. Krenki ikiifikia oili huipiga, oili inatoa povu, na povu linapanda kwenye briza. Egesha sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika 10, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, rudisha, chomoa tena. Oili ikiwa juu ya alama ya mwisho, ipunguze kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Ya pili ni chujio la hewa lililoziba, na kwa barabara zetu hili halihitaji kuelezwa sana. Aliyetoka Nangurukuru kwenda Liwale kiangazi, au aliyefuata lori la korosho kutoka Nachingwea, anajua vumbi lile jekundu linaingia kila mahali. Chujio likiziba, turbo inavuta kwa nguvu na mvuto huo unakomba oili kutoka kwenye briza na kwenye sili yake yenyewe. Toa chujio, weka tochi ndani, tazama kutoka nje. Mwanga usipopita, badilisha. Ukilipuliza kwa upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na ncha iwe mbali kidogo. Karatasi ikitoboka, vumbi linakwenda kusaga mapanga ya turbo.

Tatu, injini inapumua kupita kawaida. Ikiwa sailensa na ina moto, legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, ni sawa. Kikirukaruka au kutupwa, na moshi ukatoka kwa mapigo, ringi au silinda zimechoka. Baadhi ya dizeli hupumua zaidi kwa asili, kwa hiyo ukiweza linganisha na gari jingine lenye injini hiyo hiyo.

Turbo yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa, ingawa ndiyo watu huikimbilia kwanza, na wengi wamebadilisha turbo nzima kwa kosa la lita moja ya oili iliyozidi. Injini ikiwa baridi na imezimwa, vua bomba la hewa mbele ya turbo na ushike shafti kwa vidole viwili. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida. Ukihisi shafti inasogea mbele na nyuma, au panga linagusa ukuta wa nyumba yake, usiwashe tena. Panga likivunjika, vipande vinaweza kwenda mpaka kwenye silinda. Kazi hiyo mpe fundi wa turbo, na kabla hajafunga nyingine mwambie akague bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini). Likiziba au likipinda, hata turbo mpya itavuja siku hiyo hiyo.

Hapa kopo lina faida moja ambayo haitajwi sana: ni kipimo kizuri. Safisha mipira yote, funga kopo kwenye briza, tembea kilomita 500. Kopo likipata oili na mpira wa intakula ukabaki mkavu, oili ilikuwa inatoka kwenye briza. Mpira ukilowa tena ilhali kopo linanasa vizuri, turbo ndiyo inayovuja.

Kama intakula ina dimbwi, ishushe, imwage, isuuze kwa mafuta ya taa mbali na moto, halafu maji ya moto na sabuni, kisha iache ikauke siku nzima. Usiirudishe na mafuta ndani. Dizeli inaweza kuyanywa na kukimbia yenyewe.

Dalili: injini ya dizeli inapanda resi yenyewe

Hii ni hatari kuliko zote, hivyo isome kabla haijakukuta. Injini inanguruma, mguu hauko kwenye mafuta, ukizima swichi haizimiki. Inaunguza oili yake yenyewe: kutoka kwenye dimbwi la intakula, turbo iliyopasuka sili, sampu iliyojazwa kupita kiasi, au kopo lililoachwa likafurika mpaka likavutwa lote kwa mkupuo.

Gari la gia za kawaida: weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki mpaka chini, achia klachi ghafla ili injini izimike. Gari la otomatiki: njia iliyobaki ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao mgumu, au kupuliza ndani yake kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi. Usitumie mkono wala nguo. Nguo huvutwa ndani, na mkono huumizwa vibaya. Ikiwa tayari inapiga kelele ya juu kabisa, ondoa watu na usimame mbali, kwa sababu injini inaweza kupasuka. Ikizimika, isiwashwe hata kwa kujaribu. Vuta gari mpaka gereji.

Dalili: kopo linajaa haraka

Tazama rangi kabla ya kuhesabu. Kimiminika cha kahawia hafifu kama chai ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Pwani yetu ina unyevu, na safari za kutoka Shangani hadi sokoni na kurudi haziipi injini muda wa kupata moto wa kutosha kukausha maji ya mwako. Gari lile lile likienda Dar es Salaam na kurudi, kopo litatoa oili nyeusi zaidi na maji machache. Kagua maji ya rejeta injini ikiwa baridi, weka alama ya kalamu kwenye tangi la akiba, rudia baada ya wiki. Yakibaki pale pale na oili ya kwenye kijiti ni safi, huo ni mvuke tu. Yakipungua, au oili ya kwenye kijiti imegeuka maziwa, simamisha gari. Inawezekana gasketi ya silinda hedi imekwenda, na kila kilomita unayoongeza inaharibu beringi.

Kimiminika chembamba chenye harufu kali ya petroli au dizeli kinaonyesha mafuta yanaingia kwenye oili. Nozeli inayovuja ndiyo ya kwanza kupimwa. Oili hiyo imwagwe mapema, maana imepoteza uzito wake.

Ikiwa ni oili tupu, nyeusi, nzito, rudi kwenye kiwango cha oili na kipimo cha kifuniko. Kuhusu kiasi, hakuna namba moja ya magari yote. Chukua chupa tupu ya dawa ya mililita 100, mwaga kopo humo kila kilomita 1,000, uandike kwenye daftari. Injini yenye afya hutoa kiasi kinachokaribiana mwezi hadi mwezi, na hupanda kidogo ukibeba mzigo, kama msimu wa korosho unapopandisha magunia kwenda Newala au unapopita kwenye mchanga wa Msimbati kwa gia ya chini. Kiasi kikiongezeka mara mbili bila kazi kubadilika, peleka gari lipimwe kompresheni. Vipimo vya silinda moja moja vitakwambia kama ni ringi za silinda moja au injini nzima.

Ulichomwaga usikirudishe kwenye injini, hata kama oili ni ghali. Kina maji, asidi na mafuta mabichi.

Dalili: kopo halipati kitu

Fungua kopo uangalie ndani. Makopo mengi ya bei nafuu ni bati tupu lenye matundu mawili. Ukungu unaingia huku na kutoka kule bila kugusa chochote. Kopo linalofanya kazi lina wavu wa chuma au chujio la nyuzi, na vizuizi vinavyolazimisha gesi igeuke. Matone mazito hushindwa kugeuka, yanagonga wavu na kudondoka. Stiliwuli (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) ambayo mtu ameijaza mwenyewe iwe ya stenlesi na ifungwe nyuma ya wavu, isije ikakatika vipande vikaingia kwenye turbo.

Kama ndani ni pazuri, angalia kama mipira imefungwa kinyume. Halafu mahali lilipo: likiwa karibu na turbo au ekzosi, linapata moto na oili inabaki mvuke. Lihamishie mbele, panapopigwa na upepo. Kwenye petroli, hakikisha limewekwa kwenye njia inayopeleka ukungu mwingi. Kopo lililoko upande wa PCV peke yake halinasi chochote turbo ikijaza presha, kwa kuwa wakati huo PCV imejifunga na pumzi inapita kwenye briza.

Na inawezekana injini yako ni nzima. Hiyo ni habari njema, wala huna haja ya kutafuta kopo kubwa zaidi.

Dalili: oili imeanza kuvuja baada ya kufunga kopo

Sili ya krenki inalowa, kijiti cha oili kinajichomoa, turbo ambayo haikuwa na moshi sasa ina moshi. Injini imezibwa pumzi. Presha ya ndani ya krenki inapopanda, oili ya turbo inashindwa kushuka kwenye sampu na inatokea kwenye sili.

Tafuta kwanza mpira uliojikunja au kubonyea. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila gereji: kutumia mpira wa rejeta. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji. Oili inauvimbisha, unalainika, kisha unafunga njia. Tumia mpira wa oili au mafuta, wenye upana wa ndani sawa na tundu la briza la gari lako. Tundu la milimita 19 likipewa mpira wa 12, umeshaliziba kwa zaidi ya nusu. Mpira ushuke moja kwa moja mpaka kwenye kopo bila kufanya tumbo katikati, maana maji hukaa kwenye tumbo hilo.

Halafu osha wavu. Wavu uliojaa lami ni kizibo.

Ukitaka uhakika, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani wa mita 3, uukunje kama herufi U ubaoni, kila mkono mita moja, ujaze maji nusu. Ncha moja ibane kwenye bomba la kijiti cha oili, nyingine ibaki wazi. Washa, soma tofauti ya kimo cha maji ikiwa sailensa, kisha kwenye mizunguko 2,500. Fanya mara mbili: briza ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, halafu kopo likiwa limefungwa. Maji yakisukumwa juu zaidi kopo likiwepo, kopo au mipira yake ndiyo inayobana. Yakisukumwa sana hata bila kopo, injini inapumua kupita kiasi na kopo halihusiki. Maji yakivutwa kuelekea injini kwa kasi, zima mara moja yasije yakaingia. Hapo PCV ndiyo ya kukaguliwa.

Dalili: moshi wa bluu

Tazama unatokea lini. Ukitoka asubuhi tu kisha ukapotea, sili za valvu zimekauka. Ukitoka unaposhuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta na kutoa wingu ukikanyaga tena, ni sili za valvu au turbo. Ukiwa mwingi gari likivuta mzigo, ringi. Baada ya kusimama sailensa muda mrefu, kagua bomba la kurudisha oili la turbo. Kopo linaweza kupunguza moshi unaotokana na briza kwa wiki chache na kukupa matumaini ya bure wakati ringi zinaendelea kulika. Ukilazimika kuongeza lita moja kabla ya kilomita 1,000, acha kununua vifaa, peleka injini ikapimwe.

Dalili: petroli ya turbo inamisi ikiwa baridi, haivuti vizuri

Plagi kwanza, koili baadaye, kisha uvujaji wa hewa kwenye mipira. Hivyo vyote vikiwa sawa na injini ni ile inayopulizia ndani ya silinda, vua manifoldi utazame valvu kwa tochi. Gamba jeusi nene ndilo linalozuia hewa. Kopo litapunguza kasi ya gamba jipya. La zamani linatolewa kwa mkono au kwa kupuliza chembe za maganda ya jozi, valvu za silinda hiyo zikiwa zimefungwa. Kwa vile tuko kwenye nchi ya korosho, wapo wanaouliza kama maganda ya korosho yanafaa. Hayafai kabisa. Yana mafuta makali, yale yale yanayounguza mikono ya wabanguaji, na hutaki kuyavuta puani wala kuyaingiza kwenye injini. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye vifaa; chembe moja ngumu ikidondoka kwenye silinda iliyo wazi inatosha kuikwaruza.

Dalili: taa ya injini imewaka, sailensa inapanda na kushuka baada ya kufunga

Karibu kila mara ni hewa ambayo kipimo cha hewa hakikuihesabu. Pulizia maji ya sabuni kwenye viungo vya kopo injini ikiwa imewashwa: palipo na povu au ambapo mngurumo unabadilika, hapo pamevuja. Kama fundi ameacha kopo likipumulia nje kupitia kachujio kadogo na kuziba tundu la kwenye bomba la turbo vibaya, hewa inaingia hapo. Rudisha mzunguko uwe wa kufungwa. Kachujio kale pia huvuta vumbi moja kwa moja kwenye oili injini inapovuta pumzi, na kwa barabara ya Liwale hilo peke yake ni sababu ya kutosha kukakataa. Baada ya safari ya changarawe, shika breketi ya kopo uitikise. Boliti zake hulegea mapema, na kopo lililoanguka juu ya mkanda wa feni litakuacha njiani.